Shuka Kwenye Matete

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali yetu kuna mama tunamwita Bi Sindano. Jina lake la kuzaliwa liko ofisini kwenye faili, sisi tumeshalisahau. Anakaa kona ya dirishani, kwenye cherehani ya miguu, na kazi yake ni viraka. Shuka likitoka mashineni na tundu linakwenda kwake. Gauni la mgonjwa likikatika kamba linakwenda kwake. Tundu dogo analiziba. Tundu kubwa, anakata shuka anatoa foronya. Foronya ikichoka anatoa vitambaa vya kufutia. Hatupi kitu. Marehemu mke wangu alimwambia siku moja, wewe ukiletewa mtu aliyechanika utamtoa foronya. Akajibu, inategemea mtu mwenyewe ana upana gani.

Ni mfupi, mnene kidogo. Miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Hasemi sana kwa sababu ana pini mdomoni, na pini ziko mdomoni kutwa. Mume alimwacha zamani. Hamsemi vibaya, anasema tu kwamba yule bwana alikuwa na safari zake. Mtoto hakujaliwa. Ana chumba kimoja na varanda, na kwenye varanda ameweka sinia la maji, si la kuoshea kitu. La ndege.

Maana Bi Sindano ana wazimu mmoja, na wazimu wenyewe ni ndege.

Ulianza na kitabu. Kwenye mashuka ya wodini huwa tunakuta vitu. Saa, vijiko, simu, mara moja meno ya bandia ambayo yalizunguka na sabuni mpaka yakatoka meupe kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Vitu hivyo tunavirudisha. Kitabu kilikuja na mashuka ya wodi ya kulipia, hakina jalada, kimejaa picha za ndege, na mwenyewe hakukifuata. Bi Sindano akakaa nacho. Baadaye akanunua darubini kwa muuza vitu chakavu. Ina jicho moja zima na jicho moja lililopasuka. Anasema jicho moja linamtosha, hata uzi anatungia kwa jicho moja.

Mke wangu ndiye alikuwa mwenzake. Saa za kazi zikiisha, badala ya kuja nyumbani moja kwa moja, walikuwa wanapita nyuma ya hospitali kwenye mabwawa ya majitaka. Ndege wanapapenda sana pale. Mimi nilikuwa natangulia nyumbani. Niliwatania kwamba wanaacha dunia yote wanakwenda kutazama ndege kwenye uchafu wa wodi nzima. Mke wangu alikuwa anacheka, anafunga kitambaa chake kichwani, anakwenda. Akirudi ananieleza waliyoyaona. Nilikuwa naitikia, lakini sikuwa nasikiliza.

Kulikuwa na ndege mmoja hawakumpata. Sululu wa rangi, ndivyo walivyomwita. Sululu wa kawaida wapo, wa kahawia, mdomo mrefu. Huyu wa rangi ni adimu. Anakaa ndani ya matete mchana kutwa, akitoka anatoka magharibi, dakika chache, kisha anarudi. Kwenye kitabu jike ndiye mzuri. Shingo nyekundu ya giza, duara jeupe kuzunguka jicho, na mkanda mweupe umepita begani kama mkanda wa aproni. Dume hana makuu. Walimtafuta mwaka hadi mwaka, hao wanawake wawili, na jicho lao moja la kuazimana.

Mimi na mke wangu tulikuwa wakunjaji. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule, mnarudi nyuma mpaka linakaza. Kisha mnalikung'uta pamoja, mara moja, kwa nguvu. Paa. Likipigwa vizuri makunyanzi yote yanatoka, hata pasi inakosa kazi. Halafu mnasogeleana, pembe kwa pembe, mikono inagusana, mmoja anapokea, mwingine anainama kuokota mkunjo wa chini. Tulianza vijana, tukazeekea hapo hapo. Mashine zinapiga kelele, humsikii mtu, kwa hiyo kabla ya kukung'uta nilikuwa nasema, haya mama. Yeye alikuwa anatazama midomo yangu. Paa. Shuka lingine. Haya mama. Paa. Kuna siku maneno niliyomwambia kutwa nzima yalikuwa hayo tu.

Alifariki mwaka huu. Aliugua kidogo, akalazwa wodi ya juu ya kichwa chetu, na mashuka yake yalishuka kwetu kama ya mtu mwingine yeyote. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Nilirudi kazini mapema kwa sababu nyumbani pananishinda. Nikapewa mwenzangu mpya wa kukunja, bwana mmoja tunamwita Mrefu. Ana mikono ya kutosha watu wawili, na mdomo pia. Aliniambia siku ya kwanza, mzee wangu, mimi usiniite mama, nina ndevu. Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo ili yaishe. Toka hapo nikawa nakung'uta kimya, natikisa kichwa tu kama ishara.

Sasa siku yenyewe.

Mlinzi wa mabwawa alikuja dirishani kwa Bi Sindano mchana. Huyu mlinzi ni rafiki yao wa siku nyingi, anapenda kuitwa Kamanda, ana filimbi lakini sijawahi kumsikia akiipuliza. Alikuwa anahema. Alisema amemwona. Jike, na mkanda wake mweupe, jioni mbili mfululizo, kona ya mwisho, pale bomba linapoingilia. Bi Sindano alitoa pini mdomoni. Kamanda akaongeza habari mbaya. Matete yote yanafyekwa kesho asubuhi. Amri ya ofisi, mabwawa yameziba. Yakifyekwa huyo ndege hana pa kujificha, ataondoka, na nani anajua atakwenda wapi.

Kwa hiyo ilikuwa jioni ile au basi.

Nilikuwa naona yote hayo kwa mbali, midomo tu, maneno niliyapata baadaye. Kisha Bi Sindano akaja mpaka mashine ya kunyoosha, akasimama pembeni yangu. Yeye ananiita shemeji. Hakuwa ndugu wa mke wangu kwa damu, lakini walikuwa wamefika hapo.

"Shemeji, leo tunakwenda wote."

Nilimwambia mimi macho yangu mabovu. Nikamwambia nimechoka. Nikamwambia sijui hata kunguru na kuku wanatofautiana wapi.

"Nafasi yake iko wazi," alisema. "Nikienda peke yangu itakuwa wazi zaidi."

Niliona haya kukataa. Shati langu lilikuwa na makunyanzi, mimi mtu wa pasi. Tangu msiba nilikuwa sijanyoosha nguo yangu hata moja. Aliliangalia lile shati. Nikasema sawa, kwa shingo upande, na alijua ni kwa shingo upande.

Tulitoka kazi ilipokwisha. Yeye alibeba kikapu, darubini shingoni. Tulipita nyuma ya jiko, nyuma ya chumba cha jenereta, tukaingia kwenye lango dogo la waya. Harufu ilitupokea. Bi Sindano alisema utaizoea, na kweli, baada ya muda pua inakata tamaa yenyewe.

Njiani alinieleza utaratibu wao. Ndege akiona umbo la mtu anajificha, kwa hiyo wanafunga pazia. Pazia lenyewe ni shuka lililofutwa kazi, wamelipika kwenye maji ya majani ya chai na misumari yenye kutu mpaka likawa rangi ya tope. Mke wangu ndiye alilipika. Nilikumbuka sufuria yangu moja iliyoharibika ndani, na jinsi nilivyogomba. Kwenye shuka lile kuna tundu la kuchungulia, katikati. Bi Sindano alisema hilo ndilo tundu pekee ambalo hajawahi kuliziba maishani.

Kamanda alitupokea kwa kidole mdomoni. Jua lilikuwa limeshuka, maji yamekuwa ya shaba. Ndege wengine walikuwepo, wadogo wadogo, wanakimbia kwenye tope kama wamechelewa kazini. Bata walikuwa katikati. Kona ya bomba ilikuwa kimya, matete yamesimama, tope tupu mbele yake. Kamanda alionyesha pale kwa kidevu. Bado, alinong'ona. Anakaribia kutoka.

Bi Sindano alitoa shuka kikapuni. Alinipa pembe mbili. Akashika pembe mbili, akarudi nyuma taratibu, mgongo wake kwenye kona ya bomba, ili tulinyooshe tulifunge kwenye matete mawili makubwa. Shuka likakaza kati yetu.

Nitasema lilivyokuwa. Mwanga ulikuwa nyuma yake. Sikuona sura. Niliona mama mfupi na kitambaa kichwani, ameshika pembe mbili, ananisubiri. Nyuma yake, mbali kidogo, kitu kilitoka kwenye matete. Kamanda aliinua mkono juu, kiganja wazi. Niliuona ule mkono. Sikuuelewa. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza.

"Haya mama," nilisema.

Na nikalikung'uta.

Paa.

Kwenye chumba cha kufulia sauti ile si kitu. Pale kwenye maji ilikuwa bunduki. Bwawa zima liliinuka. Bata, wale wadogo, hata wengine nisiowaona walitoka ndani ya matete wanapiga kelele, wakazunguka juu yetu, kivuli kikapita usoni mwetu. Na mmoja aliruka chini chini, mzito, miguu inaning'inia, akavuka uzio wa waya, akapotea upande wa barabara. Niliuona mkanda mweupe. Mimi nilimwona.

Bi Sindano alikuwa bado amenigeukia mimi. Pembe zake zilikuwa zimemtoka mikononi. Alipogeuka, tope lilikuwa tupu na maji yanacheza.

Kamanda ndiye alianza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya kifo.

"Alikuwa ametoka, mama. Ametoka mzima mzima. Alikuwa nyuma yako."

"Jike?"

"Jike. Na mkanda wake."

Bi Sindano alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Aliokota pembe za shuka, akazifuta tope kwa kidole. Mimi nilikuwa nimeshika zangu bado. Nilitaka ardhi inimeze, bwawa linimeze, na harufu yake. Nimeishi umri huu wote, nimeaibika mara nyingi kama mtu yeyote, lakini sijawahi kuona aibu ikipanda kutoka miguuni namna ile, taratibu, mpaka masikioni. Na si ndege peke yake. Neno nililolisema pia. Nilimwambia mtu mwingine neno la mke wangu. Alilisikia. Pale hapakuwa na mashine za kuficha.

Tulifunga pazia hivyo hivyo, tukasubiri mpaka tope na matete vikawa rangi moja. Hakurudi. Bi Sindano aliweka jicho kwenye tundu muda wote. Mara moja alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa darubini, kwamba nitazame na mimi. Niliitazama mikono yangu, nikamrudishia.

Kwenye lango nilitaka kusema samahani. Yeye ndiye alitangulia kusema.

"Nenda ukale, shemeji. Usilale na njaa."

Angenitukana ningelala. Sikula, sikulala. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Ile sufuria iliyoharibika rangi ndani ilikuwa imetundikwa ukutani mahali pake pa siku zote, mke wangu alikataa katakata kuitupa, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

Kulipoanza kupambazuka nilikuwa mabwawani.

Wafyekaji walikuwa wameshafika, wananoa mapanga kwenye jiwe, wanakunywa chai ya chupa. Msimamizi wao alikuwa mtu wa makamo, kofia ya plastiki, buti mpaka magotini. Nilimwamkia. Nilimwomba waiache kona ya bomba mpaka jioni, kisha wafanye wanavyotaka.

"Umetumwa na ofisi?"

Nikasema hapana.

"Sasa kuna nini hapo konani, mzee? Umepoteza kitu?"

Nikasema kuna ndege.

Aliwageukia wenzake. "Mzee ana ndege wake humu." Mmoja akauliza ni kuku au bata, kama ni bata wasaidie kumtafuta, chakula cha mchana hakijulikani. Wakacheka. Msimamizi akaniuliza ndege wa nani. Nikasema wa shemeji yangu. Hapo walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Yule wa bata akasema, kumbe ni mambo ya kifamilia, tuwaachie.

Ningeondoka. Miguu ilikuwa imeshageuka. Lakini ningekwenda wapi? Kazini, nikunje mashuka huku nasikia mapanga dirishani, na yule mama anasikia pia.

Nikageuka tena, nikawaeleza. Kwamba mke wangu amefariki. Kwamba yeye na huyo shemeji wamemtafuta ndege huyo miaka. Kwamba jana alitoka, na mimi nikalikung'uta shuka mbele ya watu, nikamfukuza, na shemeji peke yake ndiye hakumwona. Niliyasema haraka na vibaya. Sikuwatazama usoni, nilikuwa naongea na buti za msimamizi.

Kicheko kilikwisha. Haikuwa afadhali, sasa walikuwa wananihurumia.

"Ulilikung'uta shuka," alisema msimamizi polepole. "Huku bwawani. Kwa nini?"

"Ndiyo kazi yangu."

Alikuna shavu. Akasema wao wanaanzia upande wa lango, na jinsi anavyowajua hawa vijana wake na chai yao, kona ya bomba hawataifikia leo. Kesho asubuhi lakini haina msamaha. Nikamwambia nisaidie basi kubeba. Akasema mzee, nenda kazini kwako. Nilibeba hata hivyo, mizigo kadhaa ya matete yaliyofyekwa, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumshukuru. Matete mabichi yana makali, yalinichana viganja.

Nilichelewa kazini. Mkuu wa kufulia alinisubiri mlangoni. Ni mwanamke mdogo kwangu kiumri, anaweza kuwa binti yangu, na alinisema mbele ya wote, kwa heshima, jambo ambalo ni baya zaidi. Suruali ilikuwa na tope mpaka magotini. Akaniuliza kama ninajisikia vizuri siku hizi. Akasema nikitaka kupumzika nyumbani niseme, hakuna atakayenilaumu. Nikasema nitabadilisha suruali.

Bi Sindano alikuwa amesimamisha cherehani. Aliitazama suruali, akatazama viganja. Nilikwenda mpaka kwenye kona yake, mara ya kwanza kwenda mwenyewe.

"Shemeji, ile kona ipo mpaka kesho."

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko. Kisha akauliza kwa nani nimezipata habari hizo. Nikasema nilipita. Akavuta mkono wangu, akautazama, akachukua kitambaa cha kufutia, kile alichokitoa kwenye foronya iliyotoka kwenye shuka, akakifunga pale palipochanika. Akarudi kwenye kazi yake.

Jioni tulikwenda tena. Nusu ya bwawa ilikuwa kichwa kilichonyolewa. Kona ya bomba ilisimama peke yake, kipande kidogo, hata mimi niliona ndege mwenye akili hawezi kubaki hapo. Safari hii sikugusa shuka. Kamanda ndiye alishika pembe za pili, na walilinyoosha polepole, kama wanamvalisha mgonjwa. Mimi nilikaa chini nyuma yao, mikono kwapani.

Jike hakuja. Niliseme mapema.

Wale wadogo walirudi, wachache. Bata hawakurudi. Bi Sindano alikuwa na jicho kwenye tundu na darubini kwenye jicho, shingo imekakamaa. Kamanda alisinzia. Mwanga ulizidi kupungua, na kila ulipopungua nilisikia aibu ileile ikishuka na kupanda upya. Nilikuwa nahesabu moyoni yale nitakayomwambia njiani, na yote yalikuwa mafupi mno.

Kisha mgongo wake ulibadilika. Sijui niseme vipi. Mgongo ulisikiliza.

"Shemeji," alinong'ona. "Njoo kwa magoti. Taratibu."

Nilikwenda kwa magoti. Alisogeza kichwa, akanipa tundu, akanishikia darubini mwenyewe ili mikono yangu ibaki kwapani. Mwanzo niliona kope zangu. Halafu tope. Halafu kitu rangi ya tope kwenye tope, kikasogea.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Kahawia, madoa ya manjano hafifu, kama blanketi la wodi ya watoto lililofuliwa mara nyingi. Alikuwa anadokoa, anasimama, mkia unanesa nesa, anadokoa. Si yule wa jana. Nyuma yake matete yalitikisika, vikatoka vitu vidogo, vimelowa, kama madonge ya pamba yaliyoangukia chai. Vilimfuata mbio. Kimoja kilianguka kifudifudi, kikaamka.

"Dume," alisema Bi Sindano sikioni kwangu. "Na watoto. Hatukuwahi kuota tutaona watoto." Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Huyu ndiye anayelalia mayai, ndiye anayelea. Jike yeye akishataga anaondoka zake, anamwachia."

Nadhani alisikia alichokisema. Sasa tulikuwa wawili wenye aibu nyuma ya shuka moja.

"Si kitu," nilisema. "Tazama wewe. Mwanga unaisha."

Nilimpa tundu. Alitazama mpaka hapakuwa na cha kutazama. Yule wa rangi hakumwona, na mpaka leo hajamwona. Mimi, mtu wa kunguru na kuku, ndiye nimemwona, kwa nukta moja, miguu inaning'inia, kwa kosa langu mwenyewe. Nikifikiria hapo uso unanishuka mpaka leo. Ningeweza kumpa hiyo nukta ningempa.

Asubuhi kabla ya kazi Kamanda alileta habari dirishani kwamba dume alivusha watoto wake usiku, yeye Kamanda alizikuta nyayo kwenye tope, zimepita chini ya waya kuelekea mtaroni ng'ambo ya barabara, kwenye majani marefu. Kisha mapanga yakaanza. Bi Sindano alisikiliza kidogo, akatia mguu kwenye cherehani.

Wenzetu walikuwa wamesikia kwamba tumekwenda jioni mbili. Walimzunguka wakati wa chai. Wakamuuliza, yule ndege wenu wa miaka yote mmemwona? Mimi nilikuwa kwenye meza ya kukunja, nimeinamisha kichwa, nasubiri aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Ni kichekesho kizuri, Mrefu angekitumia mpaka anastaafu.

"Tulimwona," alisema Bi Sindano na pini zake mdomoni. "Na watoto wake."

Basi. La shuka hakulisema, siku ile wala baadaye.

Mrefu alinigeukia. "Mzee wangu, hebu tuambie. Yukoje?"

"Wa kahawia."

"Ndiyo hivyo tu? Mmekwenda kunusa majitaka jioni mbili kwa ajili ya kahawia?"

"Ndiyo hivyo tu," nilisema. "Alikuwa anahangaika na watoto."

Siku hizi silikung'uti shuka. Nimejaribu, mikono haitaki. Tunalivuta na Mrefu mpaka linakaza, kisha ninalilaza mezani nalipapasa kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni. Inachukua muda mrefu zaidi na makunyanzi mengine yanabaki. Mrefu analalamika. Anasema kwa mkuu kwamba mzee ameanza kulilaza shuka kama mtoto, kazi haiendi. Mkuu ananitazama, ananiacha.

Bi Sindano akinisikia nalaumiwa hainui kichwa. Lakini kazi ikiisha, anavaa darubini shingoni, anapita karibu na meza yangu, anasubiri nifunge vifungo vya shati. Nimeanza kulipiga pasi. Tunakwenda kutazama mtaroni.